Ukosi Uliogeuzwa

Mtaani walimwita Mama Viraka, na hakulichukia jina hilo, maana viraka ndivyo vilivyowalisha wanawe watatu. Asubuhi alifagia madarasa ya shule. Mshahara wake ulikuwa wa kupozea njaa tu, kwa hiyo mchana alikaa kwenye cherehani mlangoni kwake akiungaunga maisha. Suruali ya mtu mzima iliyokwisha magoti ilitoa kaptura ya shule na mfuko wa madaftari. Gauni lililochakaa lilitoa foronya mbili. Vifungo havikutupwa, zipu hazikutupwa.

"Kwako hata kitambaa kuukuu kina uzazi," mama mkwe wake alimtania.

Bibi huyo aliishi nao. Mwanawe, mume wa Mama Viraka, alikuwa ameondoka miaka sita nyuma kwenda kutafuta kibarua cha msimu ili ada ya watoto ipatikane. Alisema ni miezi mitatu. Haikuja barua wala salamu. Kila jioni bibi alimfunikia sahani yake, na kila asubuhi wajukuu walikula kiporo hicho, kwa sababu nyumba ile haikumudu kumwaga chakula.

Mama Viraka alinunua nguo kuukuu kwa gunia zima, maana kuchagua moja moja ni ghali. Hakupenda kufungua gunia. Kila nguo ilikuja na mtu wake: kiwiko kilichobonyea, harufu ya tumbaku, mfuko uliotanuka kwa mkono wa mtu asiyemjua. Kabla ya kutia mkasi alinong'ona, "Samahani."

Siku moja alitoa shati jeupe. Ukosi wa shati ukichakaa, yeye huufumua, akaugeuza na kuushona tena, ule upande uliochoka ukajificha ndani, na shati likapata miaka mingine miwili. Lakini ukosi huu ulikuwa umeshageuzwa, tena kwa uzi wa kijani. Mwishoni mshono ulirudi nyuma mara tatu, kama mkono wake yeye unavyorudi.

Akaikumbuka siku aliyougeuza ukosi huo. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akamwambia mumewe, "Vaa tu. Nani atakuchungulia shingoni?"

"Mbona cherehani imenyamaza?" bibi akauliza kutoka ndani.

"Uzi umekatika, mama."

Kesho yake alimwendea muuza mitumba.

"Dada, gunia lile nimelitoa kwa mama mmoja mwenye nyumba, nyuma ya kiwanda cha sabuni," akamjibu. "Anauza vitu vilivyoachwa na wapangaji."

Kiwanda kile alikijua. Kila mwezi alipanga foleni pale kununua vipande vya sabuni vilivyovunjika, kwa kuwa viliuzwa rahisi.

Mwenye nyumba alilitazama shati, kisha akamtazama yeye. "Ni la mpangaji wangu. Alikuwa mpakiaji pale kiwandani. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyemshonea."

"Basi kaa." Mama yule akavuta kiti. "Kibarua chake cha kwanza walimdhulumu, hakulipwa hata senti. Akaja huku. Akasema hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Kila alichopata akakiona hakitoshi, mwaka ukazaa mwaka. Kisha kifua kikamshika. Tulimzika mwaka jana. Vitu vyake nimevitunza mpaka juzi, nikisema labda watakuja wenyewe."

"Hakutaja kwao?"

"Alisema mkewe hupita hapa kila mwezi kununua sabuni. Sikujua ni yupi kati ya wale wanawake. Siku za mauzo alirudishia dirisha, akabakiza upenyo."

Mama Viraka aliomba kukiona chumba. Kilikuwa kitupu, kimepakwa chokaa upya. Alisogea dirishani. Foleni ilikuwa pale chini, karibu sana. Aliziona shingo za wanawake, aliona jinsi walivyohamisha ndoo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mmoja aliinua uso kulitazama dirisha, naye Mama Viraka akajikuta amerudi nyuma.

Siku tatu hakumwambia mtu. Siku ya nne alimwambia mama mkwe. Bibi hakulia. Aliuliza tu, "Alikonda?"

"Sikuuliza, mama."

Walikwenda pamoja kaburini, wakiongozwa na mwenye nyumba. Bibi alipiga magoti akang'oa majani, jani moja moja, mpaka udongo ukabaki mtupu. Mwenye nyumba alipoondoka, ndipo akasema.

"Nilimtania."

"Ulimtania nini, mama?"

"Siku ile mlangoni. Nilimwambia, nenda, lakini ukirudi mikono mitupu sikufungulii. Tukacheka."

Mama Viraka alishika kiganja cha bibi kilichojaa udongo. Alitaka kumwambia kwamba yalikuwa maneno tu. Lakini naye alikuwepo mlangoni siku ile, mtoto mgongoni, na alikumbuka vizuri kwamba aliyecheka kwa sauti zaidi ni yeye.