Siku Watoto Waliponyamaza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, msimu wa kahawa, hapa hapa Bweranyange, miaka ile ya themanini, nikiwa bado bibi arusi. Nakusimulia kwa sababu nasikia umepata chumba kule Kayanga, unataka kufungua kituo cha kulelea watoto.

Na mimi nililea. Akina mama wakienda kuchuma kahawa walinipitishia watoto wao asubuhi, huyu na kuni, yule na mkungu wa ndizi, nami nikajiona mtu mkubwa kijijini. Siku hiyo walikuwa saba, wote wamekataa kutulia. Huyu analia, yule kamng'ata mwenzake, na mimi nina maharage ya kupukuchua. Nikakumbuka juisi ya ndizi tuliyokamua jana yake ili ichachuke iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikaionja kidogo tu, nikaona bado tamu. Si sote huku tumekulia juisi hiyo? Nikawapa. Loo, wakalala fofofo! Nikapukuchua maharage huku naimba, najisifu.

Jirani mmoja akarudi mapema kumchukua binti yake wa miaka miwili. Akamwita, kimya. Akamtikisa, shingo ikaanguka upande. Akapiga yowe. Mama mkwe wangu akaja mbio kutoka migombani, akamnusa mtoto mdomoni.

"Umewapa nini?"

Nilitaka kusema sijui, mwanangu, sikufichi. Lakini nikasema, "Juisi ya jana, mama."

"Ya jana ni pombe!"

Tukawabeba wote mbiombio hadi zahanati. Njiani yule binti akatapika, akafumbua macho, akalia. Sijapata kushukuru kilio kama kile maishani mwangu. Wengine nao wakazinduka, wazima.

Mama mkwe hakunigombeza mbele za watu. Aliposikia watoto wote salama alinishika mkono, akasema, "Sasa twende kwa kila mama, ukaseme mwenyewe." Tukapita nyumba kwa nyumba, napiga magoti, naeleza. Nilitukanwa, na nilistahili. Mama wa watu alisimama nami hadi nyumba ya mwisho. Mungu amrehemu, namshukuru hadi leo.

Kwa wiki mbili hakuna aliyeniletea mtoto. Wa kwanza kurudi akawa yule yule jirani, kambeba bintiye mgongoni. "Nakuletea wewe," akasema, "kwa sababu ulisema. Wengine nitajuaje wanachonificha?" Nikalia mbele yake bila aibu.

Jirani huyo ni bibi yako. Na yule binti ndiye mama yako aliyekuzaa.

Basi ukifungua kituo chako, usimpe mtoto kitu chochote ili tu alale upumzike. Wakinyamaza, acha kazi uende ukawatazame. Na likitokea baya, mzazi alisikie kinywani mwako kwanza, hata kama atakutukana.

Nenda mwanangu. Mungu akupe subira ya mchana mzima, na kila utakayempokea asubuhi, umrudishe mikononi mwa mamaye akiwa mzima, anacheka.