Ua Usiofagiwa

Nilitengeneza betri za magari katika ua wa nyumba yangu, mtaa wa Yoba, tangu nilipooa hadi macho yaliponipungukia. Nilizipasua, nikamwaga maji yake makali kando ya ukuta, nikayeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani kwenye sufuria kuukuu. Kazi ile ililisha nyumba yote, nami sikuiogopa. Nilipoiacha, udongo wa pale ulibaki na rangi ya majivu.

Mwanangu alimwoa msichana wa Giteranyi, aliyekulia Tanzania kabla wazazi wake hawajarudi Burundi. Nilimpa sharti moja: ua ufagiwe kila asubuhi mpaka ung'ae. Kwetu mke anajulikana kwa ua wake. Alifagia hata akiwa na mimba, vumbi likimpanda usoni. Siku moja aliniuliza kwa nini kando ya ukuta halioti hata gugu. Nilicheka, nikamwambia nimelea watoto wangu wote juu ya udongo huo. Jibu lile bado linaniuma.

Mjukuu wangu alipoanza kutambaa, tumbo likaanza kumsumbua na uzito ukagoma kupanda. Daktari alimpima damu, akakuta risasi, akasema mtoto aondolewe kwenye ua ule. Mkwe wangu alifunga nguo zake bila kelele. Mlangoni alisema, "Baba, sikukimbii wewe, naukimbia udongo. Ukitengenea, tutarudi."

Nikaanza kutafuta lori. Nilitaka kuchimba udongo wote niutupe kwenye korongo la ndugu yangu kule Bukirasazi. Daktari alikuwa amenielekeza kwa mama mmoja mtaalamu wa udongo, naye alipofika kupima aliniuliza kama huko Bukirasazi hakuna watoto. Nikaachana na lori. Alinieleza kwamba risasi haiozi, lakini inaweza kufungwa palepale ilipo. Ikikutana na unga wa mifupa kwenye udongo wenye unyevu, hushikana nao, na tumbo la mtoto haliwezi tena kuinyonya kwa urahisi.

Basi nikakusanya mifupa kwa wauza nyama, nikaichoma, nikaitwanga katika kinu ambacho hakitarudi jikoni. Mwanangu na mimi tulifunga vitambaa mdomoni, tukaulowesha ua ili usitoe vumbi, tukauchanganya kwa jembe. Mvua za msimu mzima zilifanya kazi iliyobaki. Yule mama alirudi kupima, akaridhika. Tukatandika magunia, ili atakayechimba siku moja ajue pa kuishia, tukamwaga juu yake udongo mwekundu kutoka mlimani na kupanda nyasi.

"Sasa msifagie tena," alisema yule mama. "Ufagio ndio uliokuwa unamlisha mtoto risasi."

Nyasi mbele ya nyumba, mtaani kwetu, ni aibu. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta. "Mzee, we unafuga ng'ombe sasa? Nyasi iko inafika mpaka kwa mlango."

"Mi nafuga mjukuu," nilimjibu.

Nilikwenda mwenyewe Giteranyi, kwa wazazi wa mkwe wangu, kumchukua yeye na mtoto. Tulipofika Yoba, mkwe wangu aliweka mzigo chini lakini si mtoto. Alitembea kando ya ukuta, akafukua nyasi kwa kisigino, akaona wekundu. Kisha akauliza ufagio uko wapi. Nilimwambia nimeuchoma.

"Na wakisema mimi ni mvivu?"

"Waje waseme kwangu. Aliyeharibu ua huu ni mimi, na aliyekataza kuufagia ni mimi."

Aliinama, akamketisha mtoto kwenye nyasi. Papo hapo mtoto aling'oa jani, akalipeleka mdomoni, na sisi wawili tukamrukia kwa pamoja. Mama yake alilitoa lile jani, akamnawisha mikono kwa maji ya birika, kidole kwa kidole. Nilidhani atambeba aingie naye ndani.

Alimrudisha palepale kwenye nyasi, akaketi kando yake.