Vere wa jiweni na kazi inayosubiri mtandao

Jua la asubuhi huchelewa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Milima iliyo mgongoni mwa kijiji hulizuia, na wakati wenzao wa Kigoma mjini wameshaanza kulikimbia joto, watu wa hapa bado wanatembea kivulini. Juu ya jiwe kubwa pembeni mwa mwalo, pale boti zinapotia nanga, Verediana Leodgar amekunja miguu, kompyuta mpakato iko mapajani, na simu ameiegemeza kwenye kandambili yake.

Anabonyeza, anasubiri. Anaisogeza simu kidogo, kwa sababu ikikaa vibaya, anasema, inadaka mtandao wa Burundi na salio linayeyuka. Anasubiri tena.

"Imefika," anasema, na kufunga kompyuta. Kazi yote aliyotuma ni mstari mmoja tu.

"Mwakeye, Vere," wanamsalimu wanawake wanaopita na mabeseni ya dagaa wa kuanika. Zamani hawakuwa wanaishia kwenye salamu. Walikuwa wakimtania kwamba anakaa pale kumsubiri mchumba kutoka Kongo, na jina la Vere wa jiweni likamganda. Hajaolewa bado, na utani haujaisha, lakini siku hizi hakuna tena anayeanika nyavu juu ya jiwe lile, wamemwachia.

Verediana, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huandika programu za kompyuta. Alimaliza kidato cha nne, akaenda mjini kutengeneza simu katika kibanda kimoja mtaa wa Mwanga, na hapo ndipo alipokutana na Nehemia, kijana wa Buzebazeba aliyemfundisha kuandika programu. Leo wote wawili wanalipwa na shirika dogo la afya. Yeye anapata shilingi laki tatu kwa mwezi, na bando anajinunulia.

Kazi yao ni mfumo wa kuita boti ya wagonjwa. Katika zahanati ya kijiji mtandao ni hafifu, hautoshi kupiga simu, ila ujumbe mfupi hupenya. Mkunga Catherine akiwa na mgonjwa wa kukimbizwa Kigoma, hutuma ujumbe kwa mfumo, na mfumo wenyewe humpigia nahodha bila kuchoka mpaka apokee. Bila mfumo huo, Catherine hulazimika kumwacha mgonjwa na kuteremka mbio hadi ufukweni kugonga milango.

Tatizo ni kwamba mfumo uko mjini na Verediana yuko kijijini. Anachoandika hukaa kwanza kwenye kompyuta yake peke yake. Ili kifanye kazi lazima akisukume mpaka kwenye ghala la mtandaoni, ambako yeye na Nehemia huweka kazi zao pamoja, na mfumo huchukua kutoka hapo.

"Kikiwa kwangu tu hakijamsaidia mtu," anasema. "Ni dagaa ambao bado wako ziwani. Huwezi kuwapika."

Hilo alikuwa analijua, lakini alikuwa na mazoea ya kijiji. Mwamgongo hakuna anayepanda boti kwa jambo moja. Mtu akienda Kigoma anakwenda na mawese ya kuuza, redio mbovu ya jirani, maagizo ya shangazi na barua ya kanisa, vyote safari moja. Verediana naye akawa hivyo hivyo. Alikuwa anarundika kazi ya wiki nzima, wakati mwingine wiki tatu, ndipo apande jiweni aitume yote kwa mkupuo ili kuokoa bando. Akiba haiozi, lakini kwenye kazi yake, kumbe inaoza.

Alikuja kulijua hilo mwezi Machi. Nahodha Bariki, mwenye boti inayobeba wagonjwa, alifiwa na mkwewe huko milimani Kasulu, mahali ambapo simu haishiki. Angekaa msibani wiki nzima, na mfumo ulikuwa unampigia yeye peke yake. Boti aliikabidhi kwa mwenzake, Pastory, lakini mfumo haukumjua Pastory.

Verediana alikuwa ameshaandika dawa ya jambo hilo: Bariki asipopokea, apigiwe Pastory, kisha nahodha wa tatu. Ilikuwa imekamilika, imejaribiwa, na imelala kwenye kompyuta yake pamoja na kazi nyingine ya wiki tatu. Wakati huohuo mke wa Pastory mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi tisa, mimba ya pili, na ya kwanza ilimtoka kwa kukosa boti.

Asubuhi ya safari ya Bariki, Verediana alipanda jiweni akatuma. Ghala likakataa. Nehemia alikuwa ametangulia kuweka kazi yake, tena palepale alipogusa Verediana: alikuwa ameongeza sauti ya kumweleza nahodha kama mgonjwa ni mjamzito au majeruhi, ajue kubeba godoro. Verediana alimpigia Nehemia, hakumpata. Alikuwa kwenye basi, njia ya Kakonko.

Ipo amri ya kulazimisha. Ukiiandika, ghala linafuta kilichokuwemo na kupokea chako, halafu mwenzako ajijue. Verediana anakiri kwamba aliiandika yote, ikabaki kubonyeza tu. Kilichomzuia ni alichokiona mbele yake.

Boti ya abiria ilikuwa imefika kutoka Kibirizi, mwalo wa Kigoma mjini, na baba yake, mzee Leodgar, mpakiaji wa siku nyingi, alikuwa anazozana na wachuuzi waliotaka kurusha magunia yao ndani kabla mizigo iliyokuja haijatoka. Kwenye mwalo huu hilo ni mwiko. Ukipakia juu ya mizigo ya mwenzio, ama yake inarudi ilikotoka, ama yako inaishia majini. Shusha kwanza, ndipo upakie.

"Nilimsikia baba akisema vile, nikaona aibu," anasema. "Nikafuta ile amri. Nikateremsha kwanza kazi ya Nehemia."

Kuiunganisha na yake haikuwa mchezo. Kwa kuwa alirundika mno, kazi hizo mbili zilikuwa zimegongana mahali pengi, na kila mahali ilibidi asome, apime, abakize kipi. Chaji ilikuwa inashuka. Chini, nanga ya boti ilikuwa inakaribia kuvutwa, na Bariki, aliyepaswa kuipanda, hakupanda. Alikuja jiweni kuuliza kama imeenda, akaambiwa bado. Akaichukua simu ya Verediana, akasimama, akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili mtandao uzidi kushika. Abiria walipiga kelele kwamba wanacheleweshwa. Bariki hakushusha mikono.

Alisimama hivyo mpaka kazi ikaenda. Verediana akamwambia imefika, naye akamrudishia simu, akavua viatu na kuingia majini kuifuata boti.

Bariki alikuwa bado msibani Catherine alipotuma ujumbe. Mfumo ulimpigia Bariki, haukumpata. Ukampigia Pastory, ambaye hakuwa nyumbani, nayo sauti ya Nehemia ikamwambia ni mjamzito, achukue godoro. Alipofika na godoro ufukweni ndipo alipojua mgonjwa ni mkewe. Mama huyo alizaa salama Kigoma, mtoto wa kike.

"Ningelazimisha, lile godoro lisingekuwepo," anasema Verediana. "Nisingetuma, hata boti isingekuwepo."

Wakati anasema hayo Pastory anapita na kamba begani. Anaulizwa kama anajua kilichotokea jiweni siku ile. Anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. "Mimi mambo ya kompyuta siyajui, bwana," anasema. "Ninachojua simu ililia."

Tangu hapo Verediana ameacha kurundika. Kila asubuhi, kabla hajagusa jambo, huteremsha kwanza kazi ya Nehemia, kisha hutuma yake hata ikiwa mstari mmoja. Bando linakwisha haraka zaidi, na mama yake anaona ni uharibifu wa pesa kwenda jiweni kwa jambo dogo hivyo. Verediana anavaa kandambili zake na kuondoka.

Ombi lake kwa shirika ni antena moja juu ya paa la zahanati, ili naye atume akiwa kitini, na Catherine apige simu kama wakunga wa mjini. Ameahidiwa, ila hajaambiwa lini. Akiulizwa atafanya nini na jiwe siku antena ikija, anawatazama wanawake wanaoanika dagaa, anatabasamu.

"Nitawarudishia waanikie nyavu zao," anasema. "Wamelisubiri sana."