Swali Nililomfikishia Mama Ezekieli

Harufu ya maganda ya maharage yaliyoloa mvua hunirudisha Buhinyuza, mkoani Muyinga, mwaka tuliporudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni walinicheka kwa Kifaransa nisichokijua na Kirundi changu kibovu, basi nikajivunia Kiingereza kidogo nilichojifunza kambini. Nilijitapa nacho hata kisimani.

Siku moja alikuja mama wa Kizungu kuwatembelea waliorudi. Mkalimani wake alibaki barabarani na gari lililokwama, nami nikajitokeza bila kuitwa. Tukaingia kwa jirani yetu, Mama Ezekieli, aliyekuwa akipura maharage uani. Mwanawe tulikuwa tumemzika kambini. Alikufa kwa homa siku ambayo mama yake alikuwa kibaruani, mashamba ya mbali. Alipofika hospitali alimkuta ameshafunikwa shuka.

Nilipomweleza mgeni kwamba mtoto alifariki, aliuliza kwa upole, "Do you miss him?" Neno hilo "miss" nilidhani nalijua. Mwalimu wa kambini alitufundisha kwa mfano mmoja tu: mtu aliyechelewa, basi likamwacha. Kuuliza si ujinga, lakini niliona haya kuuliza mbele ya watu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mama, anauliza kama ulichelewa kumfikia Ezekieli."

Mikono yake ikasimama. "Mwambie iko kweli," akasema polepole. "Mi nilichelewa."

Nikamwambia mgeni, "Yes." Akamshika bega, machozi yakimlenga. Nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Miaka mitatu baadaye, sekondari Gitega, mwalimu aliandika ubaoni maana nyingine za neno lile: kukosa shabaha, kutokuwepo darasani, na kumkumbuka kwa uchungu mtu usiyenaye. Masikio yalinichoma. Kila likizo nilipita uani kwa Mama Ezekieli, nikamsalimu, nikanyamaza. Nilikuja kumwambia nikiwa tayari mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe hakunilaumu," akasema. "Na mi, miaka yote hii, nilikuwa namjibu yule mama moyoni."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo nafundisha Kiingereza hapa Gitega. Wanafunzi wangu wana kamusi kwenye simu, na maana zote za neno lile wanazijua. Lakini ninayemheshimu zaidi ni yule anayesimama na kusema, "Mwalimu, sijui." Hilo hata mimi niliweza kulisema kwa lugha tatu siku ile, na sikulisema.