Nilificha Uzima wa Besi ya Maduhu

Maduhu aliponiambia, "Kaka, chukua hii yangu, nipe hiyo nyekundu yako," nilipaswa kusema hapana. Neno moja tu, jamani! Badala yake nilijikuna shingo kama mtu anayeonewa, nikasema, "Haya, kwa kuwa ni wewe."

Kwa kuwa ni wewe! Nilijifanya namsaidia.

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Simsukumii shetani, simsukumii umaskini wala ujana, maana hata ujana ulikuwa unaniaga. Nilijua ninachofanya. Sasa ni mzee, na hata hapa ninapoandika nimeshainuka mara kadhaa, nikaenda mlangoni, nikarudi. Jambo hili halinipi kukaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Bariadi yakaanza kujaa vitu. Mtu aliyekuwa akitafuta sabuni kwa kujuana aliona sasa redio za kila rangi zimepangwa rafuni. Hata magitaa yalifika! Sisi tuliopenda gitaa la besi tulikuwa wachache, na hakuna aliyekula kwa muziki. Tulipiga harusini, kanisani, na mara nyingi tulipigiana wenyewe.

Kijiwe chetu kilikuwa kibanda cha Nkwabi, fundi baiskeli, karibu na stendi. Nkwabi mwenyewe alikuwa na besi ya nyuzi tatu. Uzi wa nne ulikatika akasema hauhitaji. Mwingine alikuwa Hamisi, Mzaramo mwenye duka la redio, mtani wetu sote. Wa tatu Maduhu, mkulima wa pamba kutoka njia ya Dutwa, ambaye kila Jumamosi alikuja na besi yake imefungwa nyuma ya baiskeli kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wa nne mimi, niliyesoma sekondari Mwanza na sikuacha mtu asahau.

Tuliongea vyombo mpaka chai ikapoa.

"Nyuzi zangu zimekufa," Maduhu angesema.

"Zichemshe," Nkwabi angejibu. "Zikitoka kwenye maji ya moto zinafufuka."

"Nimezichemsha mpaka mke wangu kauliza kama ni mlenda."

Hamisi angecheka mpaka akohoe. "Nyie Wasukuma! Kitu kisichokamuliwa hamjui kukitunza. Njoo dukani ununue nyuzi mpya."

"Nyuzi zako, Mzaramo, ukizitazama kwa jicho kali zinakatika."

Kijiwe kile kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitamka: kwenye mambo ya vyombo hatudanganyani. Ukiulizwa spika ipi nzuri, unasema kweli, hata kama unayoisifu anaiuza adui yako. Ushauri ulikuwa mali yetu ya pamoja.

Besi ya Maduhu ilitoka Ulaya zamani, ikapigwa na bendi ya mjini hadi bendi ilipokufa. Maduhu aliipata kwa kutoa fahali wake mkubwa, na baba yake alimnunia msimu mzima. Ilikuwa nzito, rangi imebanduka, lakini sauti yake, loo! Ukiugusa uzi wa chini unasikia tumboni kabla hujasikia masikioni. Mimi nilikuwa na nyekundu mpya kutoka kwa Hamisi, yenye kung'aa kama jogoo, na nyepesi kama mti wa mpapai. Kila Jumamosi niliisifu. Na kila Jumamosi niliitazama ile ya Maduhu.

Sasa Maduhu alichoka kuchemsha nyuzi. Akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu tu, mwenye baiskeli na asiyeziamini nyuzi za Hamisi, angelifanya: akafunga waya za breki ya baiskeli. Na zililia! Zililia vizuri sana wiki za mwanzo. Lakini waya ya breki ni ngumu, ukiikaza inavuta kama ng'ombe wa jembe. Taratibu shingo ya besi ikapinda mbele. Nyuzi zikapaa juu, vidole vikawa vinauma, noti zikatoka zimepotoka.

Jumamosi moja alikuja, akailaza mbele yangu juu ya gunia. Nkwabi alikuwa amekwenda kutafuta mpira wa tairi, Hamisi dukani kwake. Tulikuwa wawili tu.

"Kaka, wewe umesoma. Itazame. Imekufa hii?"

Niliiinua, nikafumba jicho moja, nikaichungulia shingo kama afisa mifugo. Nilijua palepale. Nilipokuwa shule Mwanza niliwahi kumbebea vyombo mpigaji mmoja wa bendi, na alinionyesha: ndani ya shingo kuna chuma kilichofichwa, na pale kichwani, chini ya kibao kidogo, kuna nati. Unalegeza nyuzi, unakaza nati kidogo kidogo, shingo inarudi. Kazi ya muda mfupi. Maduhu hakujua. Kibao kile alidhani ni urembo.

Nilisema nini? Nilisema, "Mbao ikishapinda, ndugu yangu..." Nikatikisa kichwa. Sikumalizia. Uongo wangu hata sikuumaliza, nilimwachia yeye aumalizie!

Akaipapasa ile shingo. Kisha akaniambia kuna jambo linamkaba. Baada ya mavuno ngoma yao, ya kundi la Bagika, ingeshindana na wapinzani wao wa tangu zamani, Bagalu, na kwa mara ya kwanza wakubwa wa ngoma walikuwa wamemkubalia aingize besi katikati ya ngoma kubwa. Alikuwa amewabembeleza misimu kadhaa. Alikuwa amehamisha mapigo yote ya ngoma kwenye besi, kitu ambacho sijasikia mtu mwingine akikifanya. "Nikikosa chombo nimekwisha," alisema. Ndipo akatoa lile ombi la kubadilishana.

Nikakubali.

Kabla hajanikabidhi alifungua mkanda wa besi wa kuvalia begani, wa ngozi, akauviringisha akautia mfukoni. Kwa baba yake ilikuwa mwiko kuuza ng'ombe na kamba yake. Mnyama huenda, kamba hubaki, ili baraka ya zizi isitoke. "Mkanda nabaki nao," alisema akicheka. "Huenda siku moja nikairudisha nyumbani."

Alipoondoka na ile nyekundu akanishukuru. "Wabeja, kaka. Wabeja sana." Maneno hayo yananiwasha mpaka leo.

Nkwabi aliporudi nilimwomba spana ndogo ya boksi. Nikazunguka nyuma ya kibanda, nikalegeza zile waya, nikafungua kibao, nikaikuta nati. Nikaikaza. Shingo ikanyooka mbele ya macho yangu. Nikarudisha spana.

Mngedhani hapo nilifurahi. Sikufurahi! Nilipanda baiskeli nikaenda nyumbani mbio kama mtu anayefukuzwa. Baadaye dereva wa basi aliniletea nyuzi halisi kutoka Mwanza, na nikawa napiga nimefunga mlango, mchana, mke wangu akiuliza, "Unamficha nani?"

Kwa Nkwabi nikapunguza kwenda. Nikienda, sikukaa. Maduhu aliniuliza kuhusu vikazio vya nyuzi vya ile nyekundu, vilivyoanza kuteleza, nami nikamjibu nimesimama, mguu mmoja barabarani.

Kisha mavuno yakaisha, na Bagalu wakanifuata. Mimi ni Mgalu kwa kuzaliwa. Walisikia wenzao wana besi, nao wakataka besi. Hapo pia ningeweza kukataa! Nilikuwa na mlango wa pili wa kutokea, nikaupita bila kutoka.

Asiyejua mashindano yetu aelewe hivi: ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, kila moja upande wake, kwa wakati mmoja. Hakuna majaji. Watu ndio majaji. Wanahama kuelekea upande unaowavuta, na upande ulioachwa umeshindwa, basi. Hamisi alikodisha betri na spika pande zote mbili. Alipoulizwa yuko upande gani alijibu, "Mzaramo hana upande, ana bidhaa."

Ngoma zote mbili zikilia, Maduhu alitangulia kuingiza besi, mimi nikisubiri. Nawaambia, alipiga! Nilimsikia toka ng'ambo, mapigo ya ngoma yakitembea ndani ya nyuzi, na watu wakamiminika kwake. Upande wetu ukabaki na akina mama wanaonyonyesha waliopenda kivuli. Moyo wangu ulifurahi kidogo, naapa. Nikasema kimoyomoyo, ameshinda, tumeokoka wote wawili.

Halafu ile nyekundu ikakoroma. Ikakata, ikarudi, ikakoroma tena kama jenereta lililoishiwa mafuta. Uzi mmoja ukalegea kabisa. Nilimwona ameinama, anakaza kile kikazio, kinateleza, anakaza tena.

"Maduhu, ondoa hilo kopo lako!" mkubwa wao wa ngoma alipiga kelele.

"Kauze ununue jembe!" mtu wa upande wetu akadakia, na watu wakacheka.

Wenzangu wakanitazama. "Piga!" Nami nikapiga. Besi yake, mikononi mwangu, ilinguruma uwanja mzima. Watu wakageuka. Nikawaona wanavuka, wanakuja, vumbi linakuja nao, na nyuma yao Maduhu amesimama peke yake na jogoo wake mwekundu. Ningeweza kuivua, nivuke nimpelekee. Niliongeza sauti.

Tulishinda. Nilibebwa.

Maduhu alikuja kunipa mkono. Hakuwa na hasira hata chembe. Aliinama akaitazama ile shingo, akapitisha kidole.

"Imenyooka! Kaka, umeipeleka wapi?"

"Kwa fundi wa Mwanza," nikasema. "Kazi kubwa, ndugu yangu. Usiulize."

Jumamosi iliyofuata nilijilazimisha kwenda kijiweni, nisionekane nakimbia. Wote walikuwepo. Maduhu akamwambia Nkwabi, kwa kunisifu kabisa, kwamba kaka yetu aligharimika mpaka Mwanza kuokoa besi.

Nkwabi alikuwa anavuta tairi. Akainua kichwa. "Fundi gani wa Mwanza? Si uliniazima spana ya boksi siku ileile mliyobadilishana, ukanirudishia nikiwa bado sijamaliza kutoa tairi? Nilikuona kule nyuma unakaza."

Hakuwa na nia mbaya. Alidhani ni jambo la kawaida.

Hamisi, ambaye sikuwahi kumwona amekosa utani, alitazama chini.

Maduhu alinigeukia. Kisha akauliza polepole, "Ulijua nilipokuuliza?"

Nilishika usukani wa baiskeli yangu.

"Mnadani," alisema, "mtu akiniuzia ng'ombe akaficha ugonjwa, namrudishia, wazee wanasema nina haki. Wewe hukuficha ugonjwa. Ulificha uzima. Sasa aliyeficha uzima wazee wanamdai nini?"

Aliiegemeza ile nyekundu kwenye baiskeli iliyokuwa inatengenezwa, akapanda yake, akaenda. Nilimwita. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo kijiwe kilikufa. Tulikuja, ndiyo, lakini ukimuuliza mtu kuhusu nyuzi alikujibu, "Sijui, jaribu mwenyewe." Nami nilielewa ni nani aliyewafundisha kujibu hivyo.

Miaka mingi ikapita nikizunguka na jambo hili. Nililima kijijini Zagayu, nikaacha. Nilifungua duka, nikafunga. Popote nilipokaa niliona sijakaa. Mwishowe nikasikia Maduhu yuko Malampaka, anauza mchele karibu na stesheni. Nikaitia besi ndani ya gunia la pamba, nikapanda basi. Abiria mmoja akaniuliza, "Mzee, bunduki hiyo?" Nikamwambia, ni deni.

"Mwangaluka," nilimsalimia kibandani kwake.

"Mwangaluka," akaitikia. Tulikuwa tumeota mvi sote. Alinipa kiti, akanipa maji, mkewe akaleta wali na maziwa. Aliuliza habari za watoto, za mvua, za Nkwabi, ambaye alikuwa ameshafariki. Alinipokea kama mgeni yeyote. Hapo ndipo nilipoumia!

Nikafungua gunia. Nikasema yote, kama nilivyowaandikia ninyi. Nikasema, "Ni yako. Nimeirudisha nyumbani."

Aliiweka magotini. Mkono wake wa kushoto ukatafuta mahali pake, lakini hakupiga. Alifuta vumbi kwa kanzu yake, akanirudishia.

"Niliacha siku ile uwanjani," alisema. "Vidole vimesahau. Hii nikae nayo ya nini?"

Kisha akatoka nje. Nyuma ya kibanda alikuwa na ndama, amefungwa kwa ule mkanda wa ngozi. Nilimwona akimfungua, akamfunga kwa kamba ya katani. Akarudi na mkanda umekakamaa kwa jasho la mnyama, akaniwekea mkononi.

"Chukua na kamba," alisema. "Nilikuwa nimeiweka. Sasa biashara imekwisha."

Akanisindikiza mpaka basi, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Hatukuonana tena.

Vijana mnaopenda vyombo, nawaonya. Mwenzio akikuletea chombo chake akakuuliza kina nini, mwambie kina nini. Mwambie hata kama unakitamani mpaka mate yanakutoka. Ukikitaka, mwombe waziwazi, kikiwa kizima. Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi, ukadhani kunyamaza si kusema uongo.

Besi ninayo. Imeegemea ukuta, shingo imenyooka, mkanda unaning'inia. "Haya" yangu ile ilinigharimu Maduhu, rafiki ambaye sikupata mwingine wa mfano wake. Yeye ilimgharimu muziki: hakupiga besi tena maisha yake yote, na yale mapigo ya ngoma aliyoyatia kwenye nyuzi hakuna anayeyajua, hata mimi niliyekaa na chombo chake.