Nimekwenda Kuomba Moto kwa Karani

Jamani, leo nimefukuzwa kwa zawadi!

Mnaijua ile nyumba ya Mama Zaina, hapa mtaani kwetu, juu ya boma la serikali. Mama Zaina kauza, kahamia Malindi, kama nyinyi nyote majirani wa zamani. Nyasi zimeezuliwa, sasa ni mabati, na ndani yupo karani na mkewe.

Basi asubuhi nikachukua kigae changu cha chungu, nikaenda kuomba kaa la moto, kama nilivyofanya miaka yote kwa Mama Zaina.

Nikapiga hodi. Akatoka mke wa karani, binti mdogo kabisa.

Shikamoo? Hakuna.

Akakitazama kigae. "Leo hatununui vyungu, mama."

Vyungu! Mimi!

"Siuzi, mwanangu. Mimi ni jirani yako wa hapo chini. Naomba moto."

Akaingia ndani. Nikajisemea, haya, sasa ataniita jikoni, tutajuana.

Akarudi na kiberiti kipya.

"Kaa nacho, mama, usihangaike tena kuja asubuhi."

Tena kwa upole! Halafu mlango, pa!

Nimerudi na kigae kitupu, nafoka njia nzima. Nyinyi mliohama, hebu niambieni, ningemjibu nini?

Maana kiberiti ninacho. Kimejaa, kiko jikoni kwangu. Tangu lini mtu akaenda kwa jirani kuomba moto kwa sababu hana moto?

Mama Zaina alijua. Ndiyo maana kabla ya kunipa kaa, alinipa kigoda.