Oili Nyepesi ya Baba Mdogo

Juzi fundi wa gereji alimkatalia mjukuu wangu oili nyepesi. "Ukishuka Bugarama, joto itaifanya kama maji, injini itakwama." Hasira ya jambo la utotoni ikanipanda upya.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, lori la baba mdogo lilirudi Gisenyi kutoka Bugarama likivutwa kwa kamba, likinuka oili iliyoungua na kabichi zilizooza. Oili nyepesi alitia mwenyewe, ili asihangaike kuzungusha manivela, kile chuma cha kuwashia injini, asubuhi za baridi. Lakini alimnyooshea mama kidole mbele ya majirani: "Huyu mwanamuke njo alipanda wa kwanza siku ya kutoka. Ametia gari nuksi!"

Mwongo mkubwa! Nami nikamwamini.

Mama hakupanda gari tena. Kanisani Nyundo alikwenda kwa miguu, mvua na jua, mpaka miguu ilipomkataa.